Nilikuwa Natafuta Akidi

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyechaguliwa juzi kuwa katibu, mhazini au mwenyekiti wa chama cha ustawi wa watoto, awe Liwale, Kilwa, Nanyumbu au hapa hapa kwetu Newala, na ambaye tayari ameshika simu anatafuta mwezeshaji wa mafunzo. Namwomba aiweke simu chini kwanza anisikilize. Mimi niliyafanya mambo kinyumenyume, na aliyelipa gharama hakuwa mimi. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Chama chetu kilianza mwaka 2016, katika kijiji kimoja huku juu, uwanda wa Makonde. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka mmoja kabla, na jambo lililokuwa limenikaa moyoni miaka yote ni daftari la mahudhurio la mwezi wa kumi. Mwalimu yeyote wa huku analijua. Korosho zikianza kudondoka, darasa linapungua. Wazazi wengi mashamba yao yako mbali, wanahamia huko na kulala kwenye vibanda wiki nzima, na watoto wanabaki na bibi ambaye naye macho hayaoni vizuri, au wanabaki wenyewe kwa wenyewe. Wengine wanaokota korosho na wazazi. Wengine wanatafuta maji na madumu mawili mawili, maana huku juu maji yamekuwa shida tangu enzi za babu zetu. Halafu mabibo yanageuka kuwa pombe ya uraka, watu wazima wanakunywa, na usiku unakuwa mrefu kwa mtoto aliyelala nyumba isiyo na mzazi.

Kwa hiyo tulikutana watu ishirini na mmoja, kwenye ubaraza wa ghala la chama cha msingi cha ushirika, tukasema tuwe na chama cha kuwaangalia watoto. Nia ilikuwa safi kabisa, na mpaka leo siitilii shaka.

Katiba tuliiazima. Kulikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa kijiji cha jirani, kina katiba nzuri iliyopigwa chapa, tukaichukua, tukabadilisha jina na ukurasa wa madhumuni, basi. Mtu akiniuliza leo kosa la kwanza lilikuwa lipi, ni hilo. Ndani ya katiba ile kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba jambo lolote linalotoka nje ya kikundi kwa barua lipitishwe kwanza na Kamati Tendaji, na akidi ya kamati iwe watu watano kati ya saba. Kwenye kikundi cha mikopo kifungu hicho kina maana kubwa: kinamzuia mwenyekiti na mhazini wasiende benki wawili wakakopa kwa jina la wenzao. Sisi tulikisoma kwa sauti, tukakipigia makofi, hatukujiuliza kitafanya nini siku ambayo kitu kinachosubiri akidi si mkopo bali ni mtoto.

Mwenyekiti tulimchagua kwa sababu alikuwa mzee anayeheshimika na alitupa chumba cha ofisi bure nyumbani kwake. Muda wa uongozi hatukuuandika. Mhazini alikuwa mama mwaminifu kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, senti haikupotea mikononi mwake, lakini hesabu zilikuwa kichwani mwake na risiti zilikuwa kwenye mkoba mmoja wa ukili chini ya kitanda chake. Alipougua mwaka 2017 akalazwa Ndanda wiki tatu, hatukuweza hata kulipa deni la viti, kwa kuwa hakuna aliyejua zimebaki shilingi ngapi na tumekwisha mlipa nani. Ada tuliipanga shilingi elfu kumi na mbili kwa mwaka, ilipwe korosho zikiuzwa. Ninyi mnaokumbuka msimu wa 2018 mnajua kilichofuata: minada ilikwama, mwezi Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi likaja kubeba, uhakiki ukachukua muda, na watu wengi hawakuiona pesa mpaka mwaka mwingine. Ada yetu ikalala hapo hapo. Chama kinachokula mara moja kwa mwaka kutoka kwenye mti mmoja kinakufa njaa mti ukitikisika. Sasa tunachanga shilingi elfu moja kila mwezi, na anayeshindwa analeta kibaba cha choroko au siku moja ya kazi.

Lakini hayo ya fedha yanarekebishika. Nirudi kwenye lile lisilorekebishika.

Septemba 2018, kabla msimu haujachanganya, tulipata mfadhili. Alitoa shilingi milioni nne kwa mafunzo ya siku mbili: watoto arobaini na walezi thelathini. Fedha zilitakiwa zitumike na ripoti iende kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo hatukupata hata siku ya kukaa chini kutafakari. Mimi nilifurahi kama mtoto. Niliamini mafunzo ndiyo kazi yenyewe, na kwamba kikao, katiba na daftari ni mapambo ya kumridhisha msajili.

Mwezeshaji alitoka mjini, kijana mzuri, mchangamfu, mwenye bango kitita na kalamu rashasha za rangi nne. Ijumaa alifundisha vizuri kweli. Alieleza Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, akaeleza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka kumi na minane, kwamba mzazi ana wajibu wa kumlinda, kumlisha na kumsomesha. Alipofika kwenye kutoa taarifa aliandika kwa wino wa kijani, tarakimu kubwa kama kiganja: 116. Simu ya kumsaidia mtoto, akasema, bure, unapiga hata kama huna salio. Akaibandika karatasi ile ukutani. Watoto wakaisoma kwa pamoja mara tatu.

Jioni akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akatoboa kifuniko kwa kisu, akaliweka mezani. "Andikeni chochote kinachowasumbua," aliwaambia. "Msiandike majina. Kesho tutayajibu yote."

Jumamosi baada ya chakula alilifungua kopo na kuanza kusoma kwa sauti mbele ya wote, watoto na walezi wamo. Tatu zilikuwa za viboko. Moja ilikuwa ya binti anayekosa shule kila mwezi kwa sababu hana taulo za kujisitiri. Halafu akachukua karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye miraba midogo, iliyokunjwa na kukunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Alihangaika kidogo kuifungua. Akasoma mstari wa kwanza, ulioanza na maneno "kwenye chumba cha magunia". Akasoma wa pili. Katikati ya mstari wa tatu akanyamaza.

Nakumbuka ukimya ule kuliko neno lolote lililosemwa siku mbili zile. Nyumba yenye chumba cha magunia, yenye watoto wanaosoma shule ya kijijini, ilikuwa moja. Hakuna aliyetaja jina, wala halikuwa na haja ya kutajwa. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea dirishani, alikokaa binti mmoja mwembamba mwenye sweta la shule la kijani, na yeye alikuwa anatazama sakafu.

Mwezeshaji alikohoa, akaikunja ile karatasi, akasema maswali mengine tutayajibu baadaye, sasa twende kwenye posho.

Nami nilikwenda kwenye posho. Hili naliandika polepole maana bado linanichoma. Karatasi ya kusaini ilikuwa kwangu, bahasha ya noti ilikuwa kwangu, walezi thelathini walikuwa wamepanga foleni na wengine wanalalamika kwamba wa Ijumaa hawakupewa nauli. Nilikuwa nahesabu noti za elfu tano wakati yule binti anatoka mlangoni. Nilimwona. Nilisema moyoni, nikimaliza hawa watano nitamfuata. Nilipomaliza hakuwepo.

Usiku ule nilimpigia Mwenyekiti. Alikuwa kimya kwa muda, halafu akasema, "Mwalimu, ile nyumba ni ya shemeji yangu. Tuite kikao."

Nikakubali. Katiba ilisema hivyo, na mimi nilikuwa mtu wa taratibu. Miaka thelathini na tano ya ualimu imenifundisha kufuata kilichoandikwa. Jumapili asubuhi nikatuma bodaboda wawili. Wajumbe wawili walikuwa mashambani wanafyeka chini ya mikorosho. Mmoja alikuwa msibani Mtwara. Jumatatu tulikutana watu wanne, tukatazamana, tukaandika "akidi haikutimia" na kutawanyika. Jumanne jioni akafika wa tano. Kikao kikaongozwa na Mwenyekiti mwenyewe. Tukazungumza saa mbili nzima: je, tuna uhakika? Je, ukoo utasemaje? Je, mtoto hakusingizia? Mwisho tukaazimia niandike barua kwa mtendaji wa kijiji. Niliiandika usiku, kwa nakala nzuri, na muhtasari wa kikao nikauandika pia, na ndani yake nikaliweka jina kamili la yule mtoto. Nakala saba, kila mjumbe yake.

Jumatano mtendaji aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, hakumaliza hata ukurasa, akatoa simu na kumpigia afisa ustawi wa jamii. Dada yule alifika kabla ya saa saba mchana kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukakaa kwenye chumba kile kile cha mafunzo. Akaniuliza, "Mama, mmejua lini?"

"Jumamosi."

Alihesabu kwa vidole, bila hasira, kama mtu anayemhesabia mgonjwa siku za dawa. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha akanieleza kwamba mtoto aliyefanyiwa ukatili wa aina ile anatakiwa afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72 tangu atendewe, na ushahidi nao kila siku inayopita unafutika. Hatukujua lini alitendewa mara ya mwisho, inawezekana saa hizo zilikuwa zimepita hata kabla ya kopo. Lakini inawezekana pia zilipita huku mimi nahangaika na bodaboda.

"Nani alikwambia unahitaji kikao, mama?" aliniuliza. Sheria ya Mtoto inamwekea wajibu mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa au anadhulumiwa atoe taarifa kwenye serikali yake ya mitaa. Haisemi chama wala kamati. Mimi, kama mimi, nilitakiwa niende kwa mtendaji Jumamosi ile ile jioni, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au nipige simu. Nikainua macho, na ukutani nyuma ya mgongo wake karatasi ya bango kitita ilikuwa bado imebandikwa, pembe moja imening'inia. 116, kwa wino wa kijani.

Mtoto hakuwepo kijijini. Ukoo ulikuwa umekaa Jumapili usiku, wao hawakukosa akidi, na Jumatatu alfajiri alipandishwa basi kwenda kwa ndugu upande wa Lindi, ili maneno yapoe.

Ilichukua siku tisa kumpata, kwa ushirikiano wa maafisa ustawi wa pande mbili. Mimi niliomba kufuatana nao kwa kuwa ananifahamu. Tulipita Masasi, Ndanda, Nyangao, tukakata Mnazi Mmoja kuingia Lindi, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Sikuyatumia. Alitoka uani akiwa amebeba beseni la vyombo, akaliweka chini, akasema shikamoo, halafu akaniuliza, "Mwalimu, ile karatasi yangu iko wapi?"

Alidhani nimemletea. Siku zote zile alikuwa anafikiria karatasi yake, iko kwa nani, nani anaisoma. Na mimi sikujua iko wapi. Mwezeshaji alikuwa ameondoka na kopo zima ili akaandikie ripoti ya mfadhili. Ilibidi nimpigie mara nne ndipo akaituma kwa basi, ndani ya bahasha, pamoja na zile za viboko na ile ya taulo. Niliikabidhi kwa afisa ustawi kwa mkono wangu.

Shauri lake lilikoishia silielezi hapa, ni lake yeye. Ninachoweza kusema ni kwamba anaishi na watu wanaompenda, na si mbali nami sana.

Niliporudi nilianza na nakala za muhtasari. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Nilipata sita. Ya saba mjumbe wetu hakukumbuka aliiweka wapi, na mpaka leo sijaiona. Kwa hiyo kama una daftari la mihtasari la chama chako, lifungue leo jioni uangalie kama kuna jina la mtoto ndani yake. Sisi sasa tunaandika "taarifa namba tatu ilipokelewa na kufikishwa", basi. Jina liko kwenye daftari jingine, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na funguo ziko kwa watu wawili tu.

Kuiandika upya katiba kulituchukua miezi saba. Tulipata msukumo kutoka nje: mwaka 2019 sheria zilirekebishwa, na vyama kama chetu vilivyokuwa vimeandikishwa kwa njia nyingine vikatakiwa viingie chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Wenzetu wengi waliliona hilo kama usumbufu. Mimi nililichukua kama nafasi. Nilikwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya na katiba yetu ya kuazima, nikamwambia nataka kuifumua yote. Alinipa nusu siku yake, na akaniuliza swali ambalo lilinitoa jasho: "Kijijini kwenu kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ina wajumbe gani?" Sikujua hata kwamba inatakiwa kuwepo. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA kwa kifupi, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, unataka kamati hizo ziwepo mpaka ngazi ya kijiji, na mtendaji ndiye anayezisimamia. Sisi tulikuwa tumejenga banda letu pembeni ya nyumba ambayo hatukuwahi kubisha hodi. Kabla hujaunda chochote, nenda kwa mtendaji ukaulize kamati ipo au haipo, iko hai au imekufa. Kama imekufa, kuifufua kuna faida kuliko kuanzisha nyingine. Leo mjumbe wetu mmoja anaingia kwenye ile kamati na taarifa hazigongani.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa Mwenyekiti. Vijana wa chama walitaka aondolewe kwa kura. Mimi nilikwenda kwake kwanza, peke yangu, jioni. Nilimkuta anamenya ming'oko, akanikaribisha, tukala bila kusema kitu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, siku ile kwenye kile kiti nilikaa kama shemeji. Sikuwa mwenyekiti. Niliyajua hayo wakati ule ule."

Alisema uongozi anauacha, lakini kabla ya kuuacha anataka kifungu kimoja kiandikwe kwa maneno yake. Kipo mpaka leo, kifungu cha kumi na nne: mjumbe ambaye jambo linamgusa yeye, ndugu yake wa damu au wa ndoa, au jirani anayekula naye, atataja uhusiano huo na kutoka nje ya chumba, na muhtasari utaandika saa aliyotoka. Hilo la jirani anayekula naye ni lake, mwanasheria asingelifikiria. Kwenye kijiji ambacho sote ni ndugu, watu walihofu kwamba kikao kitabaki bila mtu. Imeshatokea mara mbili, na mara zote mbili jambo lilikwenda moja kwa moja kwa afisa ustawi bila kupita kwetu, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Kifungu cha pili tulichokipigania ni kwamba taarifa inayohusu usalama wa mtoto haisubiri kikao, barua, wala ruhusa ya kiongozi yeyote. Aliyeipokea anaifikisha siku hiyo hiyo, na kamati inajulishwa baadaye. Akidi tuliibakiza kwenye fedha, mali na uchaguzi. Muda wa uongozi ni miaka mitatu, vipindi viwili. Benki watia saini ni watatu, na wawili kati yao lazima wasaini. Mhazini wetu yule yule, Mungu amjalie, alijifunza hati za malipo akiwa na miaka sitini na mbili, na sasa ndiye anayewafokea wengine wakileta manunuzi bila risiti.

Kisha tukachagua wapokeaji taarifa wawili, mwanamke na mwanamume. Hapo tulikosea tena kidogo: mara ya kwanza tulichagua watu wenye elimu, mwalimu na karani wa ushirika, na mwaka mzima hakuna mtoto aliyewaendea. Watoto walipoulizwa ni mtu mzima gani wanayeweza kumwambia jambo, wengi walimtaja mama anayeuza maandazi karibu na shule. Sasa yeye ndiye mpokeaji. Hakumaliza darasa la saba, lakini alifundishwa na afisa ustawi mambo machache tu: msikilize mtoto mpaka amalize, usimuulize maswali ya kumbana, usimwahidi kuwa siri hutaitoa, mwambie utamwambia nani na kwa nini, kisha piga simu. Anayajua kama anavyojua kipimo cha hamira.

Mafunzo tuliyarudia miaka miwili baada ya yale ya kwanza. Safari hii tulianza na sisi wenyewe, kamati, siku mbili kamili, tukisoma katiba yetu kifungu kwa kifungu na kuigiza: mtoto amekuja, ni saa kumi na moja jioni, mtendaji hayupo, simu haina chaji, unafanya nini? Siku ya kwanza wote tulishindwa, na ilikuwa heri tushindwe pale. Watu wa pili kufundishwa walikuwa makungwi na wazee wa jando. Wafadhili wengi hawawataki, wanawaona kama sehemu ya tatizo. Mimi nasema ukimfundisha mtoto kwa siku mbili na kungwi akamfundisha mwezi mzima, kijiji kitamsikiliza nani? Tulizungumza nao kwa Kimakonde, bila bango kitita, na wao ndio walioomba wali, yaani watoto walioko jandoni na unyagoni, warudi nyumbani kabla shule hazijafunguliwa.

Wakati nao ni muhimu. Usiite mafunzo Septemba mpaka Desemba huku kwetu, utapata viti. Sisi tumehamia mwanzoni mwa Juni: palizi imekwisha, kupulizia salfa bado hakujachachamaa, na kijiji kinajiandaa na Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16, inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Fedha za mfadhili ambazo haziwezi kusubiri Juni tumewahi kuzikataa, mara moja, shilingi milioni mbili. Iliniuma, lakini nilisaini barua ya kukataa.

Sanduku la maswali tunalo bado. Halisomwi mbele ya watu. Linafunguliwa na wapokeaji wawili chumbani, afisa ustawi akiwepo tangu asubuhi, kwa sababu tumemwomba kwa barua mwezi mmoja kabla na nauli yake tumeitenga kwenye bajeti pamoja na mafuta ya kumpeleka mtoto hospitali endapo itahitajika. Kila karatasi ina mtu anayejua iko wapi. Haiendi kwenye ripoti ya mtu yeyote. Posho tumeifuta, tunatoa chakula na nauli, na nauli hiyo inatolewa asubuhi wakati wa kujiandikisha. Tulipoteza washiriki kumi na moja mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo. Waliobaki walibaki.

Juni iliyopita, siku ya pili, mtu alikuwa amechelewa asubuhi na alikuja jioni kudai nauli yake na ya wenzake wanne. Nilikuwa nimefungua bahasha. Mvulana wa darasa la tano alikuwa amebaki mlangoni, viatu mkononi, wenzake wote wameshateremka. Hakusema kitu. Niliiweka bahasha mezani ikiwa wazi, nikamwendea, nikamuuliza kama anataka nimwitie mama wa maandazi. Akaitika kwa kichwa. Wakakaa chini ya mkorosho, mbali kidogo, mahali ninapowaona lakini siwasikii. Yule mtu wa nauli alianza kulalamika, kisha akatazama kule nilikokuwa natazama, akavuta kiti akakaa.

Mama wa maandazi alipiga simu saa kumi na moja kasoro robo. Mwenyekiti nilimjulisha kesho yake asubuhi.